Kuandika Usaliti na Toba Katika Hadithi ya Mapenzi: Deni Lilipwe kwa Sarafu Ileile

Msomaji wa hadithi za mapenzi ni mvumilivu. Atakuvumilia kijana tajiri asiyejulikana anafanya kazi gani, atavumilia na mvua inayonyesha kila wapendanao wakikutana. Ila hawezi kumvumilia mume aliyekuwa na nyumba ndogo miezi minane akirudishwa kitandani kwa aya mbili za machozi. Hapo ndipo anaandika "hadithi imeharibika" na kuondoka, na anayo haki.

Kosa huwa haliko kwenye usaliti wenyewe. Usaliti ni rahisi kuandika: simu, uongo, fumanizi, kelele. Kinachowashinda wengi ni malipo. Mwandishi anadhani toba ni hisia, kwa hiyo anaongeza vilio. Lakini wasomaji wetu wamefundishwa toba tangu utotoni na wanajua ina masharti. Aliyepita madrasa anajua tauba inataka kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorudia. Na kama kosa linagusa haki ya mtu mwingine, haki hiyo irudishwe kwa mwenyewe. Aliyepita mafundisho ya kipaimara anajua baada ya majuto na maungamo kuna malipizi. Hadithi inayoishia kwenye majuto inamwacha msomaji akiisubiri sehemu iliyobaki.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: deni lilipwe kwa sarafu ileile lililokopwa. Aliyeiba fedha alipe fedha. Aliyeiba muda alipe muda. Aliyemwaibisha mwenzake mbele za watu, asimwombe radhi chumbani peke yao.

Amua kwanza nani atabaki na nani

Usianze Sehemu ya 1 bila jibu la swali hili. Kuna njia mbili safi. Ya kwanza, wanandoa wanaachana au wanatengana, msaliti analipa, wanarudiana. Ya pili, aliyesalitiwa anapata penzi jingine, na msaliti anatubu bila kupata zawadi. Anabaki kuwa baba mzuri wa mtoto wake, basi. Njia ya pili ni rahisi zaidi kuandika na wasomaji huipokea vizuri, maana haiwadai wasamehe mtu wasiyemtaka.

Ipo na ya tatu ambayo ni afadhali uiache: usaliti wa kudhaniwa. Mke anaona picha, anaondoka, sehemu thelathini baadaye inabainika yule alikuwa binamu. Msomaji aliyelia sehemu thelathini anajiona amechezewa. Ukiitaka lazima, ibainishe mapema na ugomvi uhamie kwenye swali lingine: kwa nini hakuniuliza?

Mfano tutakaoutumia hapa ni wa njia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ngumu. Mwanaidi na Hamza wanaishi Ngamiani, Tanga. Hamza ana duka la vifaa vya ujenzi, Mwanaidi anaoka keki za oda nyumbani. Wana binti wa miaka saba, Zuwena. Hamza amekuwa na mahusiano na Rehema kwa miezi minane, na miezi sita ya mwisho amempangia chumba Makorora.

Andika deni kwenye karatasi

Kabla ya kuandika tukio lolote, chukua karatasi uandike kila kitu kilichoibwa, kwa tarakimu pale inapowezekana. Uandike kama katibu wa kikoba anavyoandika daftari.

Fedha: kodi ya chumba 80,000 kwa mwezi, ikalipwa miezi sita mbele kama wenye nyumba wanavyotaka, jumla 480,000. Friji 650,000. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 5,000 kila wiki kwa wiki 26, jumla 130,000. Yote 1,260,000. Zilitoka wapi? Hamza alimwomba Mwanaidi akope kwenye kikoba chake 1,200,000 "za kuongeza mzigo wa saruji". 60,000 iliyozidi aliitoa dukani.

Sasa tazama karatasi inavyokuandikia hadithi. Mkopo uko kwa jina la Mwanaidi. Wadhamini wake ni wanawake wenzake wawili. Marejesho yakichelewa, anayeonekana mdaiwa sugu ni yeye. Kwa hiyo pamoja na fedha kuna heshima iliyoibwa, na imeibwa mbele ya mashahidi wanaokaa naye kila Jumamosi.

Muda: jioni za Ijumaa, ambazo alikuwa akimpeleka Zuwena ufukweni. Uongo: mwezi wa nne Mwanaidi alipolazwa, yeye alisema yuko Korogwe kufuata mzigo. Jina: alimwambia mama yake kwamba mke "siku hizi hajali nyumba", na mama mkwe akazisambaza habari hizo kwa mawifi.

Una madeni matano: fedha, heshima kikobani, Ijumaa za mtoto, uongo wa Korogwe, na jina lililochafuliwa kwa wakwe. Kila deni moja ni tukio la malipo ambalo lazima uliandike. Ukikuta karatasi yako ina mstari mmoja tu, "alilala na mwanamke mwingine", basi bado humjui mhusika wako, na ndiyo maana unakimbilia machozi.

Afya nayo iwemo. Hadithi ya leo ambayo mke anagundua mume alikuwa na mtu mwingine, kisha hakuna anayewaza kupima VVU, ina tundu ambalo kila msomaji mzima analiona. Kipimo kinarudiwa baada ya miezi 3 kwa sababu maambukizi mapya huweza yasionekane mara ya kwanza. Sehemu mbili fupi zinatosha: benchi la kliniki, na benchi lilelile miezi mitatu baadaye.

Fumanizi: tafuta kitu cha nyumbani

Mlango wa gesti kupigwa teke umeandikwa hadi umechakaa. Pia unamfanya aliyesalitiwa aonekane wa kuchekwa, na uchi wa watu wawili unaiba macho ya msomaji kutoka kwa yule mmoja tunayepaswa kumtazama. Fumanizi zuri linapatikana kwenye kitu kidogo cha kila siku ambacho aliyesalitiwa anakijua kuliko msaliti. Kwa Mwanaidi ni mita ya umeme:

*Uniti ziliisha keki mbili zikiwa ndani ya oveni. Simu ya Hamza ilikuwa juu ya kabati, mwenyewe kaenda kuswali Magharibi. Mwanaidi akafungua ujumbe wa LUKU wa mchana ule, akabonyeza tarakimu ishirini. Mita ikakataa. Akarudia, safari hii akizisoma kwa sauti, nne nne, kama anavyomsomesha Zuwena. Ikakataa. Ndipo jicho likashuka kwenye namba ya mita. Ya kwao iliishia na 46. Aliijua kama alivyoijua namba ya simu ya mama yake. Hii iliishia na 09. Gizani, keki zilikuwa zimeanza kunywea.*

Hakuna aliyepiga kelele, hakuna kitanda, na hakuna neno "usaliti". Lakini msomaji kaelewa kwamba mtu huyu anawasha taa za nyumba nyingine wakati ya kwake imezima. Angalia pia kwamba msomaji kamjua Mwanaidi: ni mtu wa kurudia hesabu kabla ya kulaumu. Tabia hiyo itakufaa baadaye, atakapokuwa anapima kama malipo yametimia.

Weka fumanizi kabla hadithi haijafika robo. Kwa hadithi ya sehemu 40, lisivuke Sehemu ya 8. Waandishi wengi hulichelewesha hadi Sehemu ya 25 kwa sababu kuficha kunanogesha, halafu wanabaki na sehemu 15 za kufanya kila kitu kilichobaki, na ndipo toba inapokuwa ya kupakwa rangi.

Mgawanyo wa sehemu

Kwa wasomaji wa simu, sehemu moja iwe na maneno 1,000 hadi 1,200. Sehemu 40 zinakupa kitabu cha maneno zaidi ya 40,000, kinachotosha. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu:

Sehemu 1 hadi 6, ndoa kabla ya kuvunjika. Msomaji lazima aipende ndoa hii, la sivyo hana sababu ya kutaka irudi. Mwonyeshe Hamza akifanya jambo zuri mara mbili, dogo na la kweli. Sehemu ya 7, fumanizi. 8 hadi 14, anguko: maneno, wazee, kurudi kwao, talaka. 15 hadi 30, malipo. Naam, sehemu 16 nzima. 31, jaribu. 32 hadi 38, Mwanaidi anapima na kuamua. 39 na 40, mwisho.

Jaribu la Sehemu ya 31 lisiwe usaliti wa pili. Msaliti akirudia, hadithi ya kurudiana imekufa hapohapo. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, inapoutaja ugoni kama ushahidi wa ndoa kuvunjika, inausisitiza pale ulipotendeka zaidi ya mara moja au ulipoendelea licha ya kulalamikiwa. Jaribu liwe nafasi ya kusema uongo mdogo wenye faida ambao hakuna atakayeugundua, naye asiuseme.

Talaka, eda na rejea: saa iliyomo ndani ya hadithi

Hapa ndipo hadithi nyingi za pwani zinapoteza dhahabu iliyo mkononi. Mwandishi anatamkisha talaka kwa hasira, sehemu tatu mbele wanarudiana, na msomaji anayeijua dini anabaki anajiuliza hawa wameoana vipi tena.

Talaka moja au ya pili ni talaka rejea. Eda, muda wa kungoja baada ya talaka, kwa mwanamke anayepata siku zake inahesabiwa kwa siku hizo, mara tatu, ambayo ni kama miezi mitatu; asiyezipata ni miezi mitatu kamili; mjamzito ni mpaka ajifungue. Ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya. Eda ikiisha bila rejea, wakitaka kurudiana inabidi ndoa mpya, mahari mpya, na ridhaa ya mwanamke. Talaka zikitimia tatu, hawezi kumrudia mpaka aolewe na mwingine ndoa ya kweli, kisha ndoa hiyo nayo iishe. Kwa hiyo mwandishi anayempa Hamza mdomo wa kutamka "talaka tatu" Sehemu ya 9 kwa ajili ya kishindo amejifungia mlango mwenyewe, au amejitafutia mjadala wa masheikh kuhusu tatu za mpigo.

Lipo jambo la ndani zaidi. Rejea ni haki ya mume. Kwa fikihi ya kawaida haihitaji ridhaa ya mke. Kwa mwandishi huo ni mtego. Hamza akimrejea Mwanaidi ndani ya eda, aliyekosa ndiye aliyeamua lini amesamehewa. Sheria imefuatwa, na penzi limekufa. Basi fanya kinyume. Mwanaidi adai talaka, apewe moja, arudi kwao Pangani. Eda ianze kuhesabika. Mama mkwe amsukume mwanawe: "Mrejee huyo kabla siku hazijaisha, unangoja nini?" Siku ya mwisho Hamza akae dukani hadi usiku, simu mezani, asimrejee. Ni yeye anayekiacha kitu alichoruhusiwa kukichukua, ili aje akiombe. Hayo ndiyo malipo yake ya kwanza ya kweli, na hayana chozi hata moja.

Eda ikishaisha Mwanaidi ni huru. Mlete mchumba wa maana, tuseme mwalimu mjane anayempenda Zuwena. Asilete posa kabla ya hapo, maana mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea haposwi hata kwa fumbo. Mchumba huyu asiwe mlevi wala tapeli. Akiwa mbaya, Mwanaidi hana chaguo, na asiye na chaguo hawezi kusamehe, anarudi tu.

Kwa upande wa serikali, Tanzania Bara shauri la kuvunja ndoa hupitishwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa ndipo mahakama inahusika. Talaka ya Kiislamu nayo, ili mahakama iitambue, ina njia hiyo. Zanzibar ni Mahakama ya Kadhi. Talaka ya mahakamani inayopatikana kwa wiki moja haipo. Kama wahusika wako ni Wakatoliki, usiandike talaka kabisa: andika kutengana, wasimamizi wao wa ndoa wakija na kuondoka, na wanajumuiya wanaojua kila kitu ila wanasali kama hawajui. Shinikizo la watu hao ni kubwa kuliko la mahakama.

Kuomba radhi

Tazama maneno haya, yamo katika hadithi nyingi kuliko zinavyohesabika:

*"Nisamehe mke wangu, shetani alinipitia. Nakuapia sitarudia. Lakini na wewe ulikuwa bize mno na keki zako."*

Yana makosa matatu. Shetani kabeba dhambi. Kiapo kinahusu kesho wakati mwenzake anaumia kwa jana. Na "lakini" imemhamishia deni mdai. Sasa haya, Hamza akiwa amesimama uani kwa kina Mwanaidi, kakataa kiti:

*"Mama Zuwena, ule mkopo sikununua saruji hata mfuko mmoja. Laki nne na themanini nililipa kodi ya chumba Makorora. Laki sita na nusu, friji. Na LUKU elfu tano kila wiki. Mwezi wa nne ulipolazwa nikakwambia niko Korogwe. Sikuwa Korogwe. Nilikuwa Makorora, na simu niliiona inaita."*

*Mwanaidi hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiupeta. "Umemaliza?"*

*"Nimemaliza."*

*"Haya. Zuwena yuko chuoni, anatoka saa kumi na moja. Ukimsubiri, msubiri nje."*

Ombi zuri la radhi linataja tendo, kiasi na mahali, na lina angalau jambo moja ambalo mdai hakulijua. Hapa ni simu aliyoiona inaita. Bila jambo hilo, msaliti anakiri yaliyokwisha kujulikana tu, na hiyo haimgharimu. Halafu angalia kwamba hakuomba asamehewe. Neno "nisamehe" likae hadi Sehemu ya 30 na kitu. Angalia pia Mwanaidi: jibu lake si la msamaha wala si tusi. Ni ratiba. Mtu aliyeumia kweli hujibu hivyo.

Sehemu za malipo

Hapa ndipo karatasi yako ya madeni inarudi mezani. Chukua deni moja moja, kila moja sehemu mbili au tatu.

Mkopo: 100,000 kila mwezi kwa miezi 12, kwa mkono wa mweka hazina wa kikoba, kabla ya tarehe. Hesabu hii ndiyo inayokuambia hadithi itachukua mwaka mzima, na eda itaisha zamani. Mwezi wa tano biashara iharibike, auze pikipiki. Usimpe tenda ya ghafla ya kumwokoa. Waandishi wanaopenda wahusika matajiri wanakwama hapa: mwenye mabilioni akilipa 1,200,000 hajalipa kitu. Tajiri mdai kitu ambacho kwake ni adimu.

Kikoba: Hamza aende Jumamosi, asimame mlangoni, hodi, aseme mbele ya wanawake ishirini kwamba deni la Mwanaidi ni la kwake na alimdanganya. Mwanaidi asiwepo. Malipo yanayofanyika mbele ya macho ya mdai daima yana harufu ya maonyesho. Nusu yake yafanyike asipokuwepo, ayasikie kwa mtu mwingine, na ayasikie yakiwa yamepindishwa kidogo. Mmoja wa wadhamini anaweza kumpigia simu akicheka: "Mumeo, sijui mumeo wa zamani, alikuwa anatetemeka kama anaposa."

Mama mkwe: tukio gumu kuliko yote, kwa sababu mtoto anamsahihisha mzazi. Lugha iwe ya adabu hadi mwisho. "Mama, yale niliyokwambia kuhusu Mwanaidi niliyatunga. Nakuomba uwaambie na dada zangu." Basi. Mama anyamaze, amwambie ale kwanza. Usimfanye mama mkwe shetani wa hadithi. Alimwamini mwanawe, hilo tu.

Ijumaa za Zuwena: hizi zisitajwe sana. Ziwe zinapita nyuma ya matukio mengine, mtoto anarudi na mchanga kwenye viatu. Msomaji atahesabu mwenyewe.

Katika sehemu hizi zote, jicho la hadithi likae kwa Mwanaidi walau theluthi mbili ya muda. Ukikaa kichwani mwa Hamza kila mara, toba inageuka kujihurumia na msomaji anaanza kumpa pole asiyestahili. Malipo yakionekana kutoka nje, vipande vipande, yanaaminika.

Vinavyoua toba

Limbwata. Ikibainika Sehemu ya 33 kwamba Hamza alirogwa, basi hakuna aliyekosa, na kurasa zote za malipo zilikuwa za bure. Unaweza kumwacha shangazi aamini karogwa, hata ampeleke kwa mtaalamu. Inachekesha na ni kweli ya mitaani. Ila Hamza mwenyewe akatae: "Shangazi, hakuna aliyeniroga."

Ajali. Msaliti anagongwa na gari, mke anamuuguza, penzi linarudi wodini. Ajali haikuchaguliwa na mtu, kwa hiyo hailipi kitu. Zaidi ya hapo, inamrudishia aliyesalitiwa kazi: sasa yeye ndiye anayekesha na kuosha majeraha.

Kumuua mchepuko. Au kumfanya jini mtu asiye na kazi, asiye na mama. Rehema awe na jina, kibarua na sababu. Swali linalomhusu ni moja: alijua Hamza ana mke? Hata sheria inalijali. Katika dai la fidia ya ugoni Tanzania Bara, kutojua, na kutokuwa na njia ya kujua kwa uangalifu wa kawaida, ni utetezi. Kama Hamza alimwambia amekwisha kuacha, basi Rehema naye anadai, na kuna sehemu moja ya malipo inayomhusu yeye. Akiwa na mimba, ujue deni hilo halifungwi mwishoni mwa kitabu. Mtoto ana haki ya matunzo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo, na Mwanaidi akirudi anarudi kwenye nyumba yenye bajeti ya mtoto wa mtu wa tatu. Inaandikika, lakini ongeza sehemu sita.

Simu isiyo na nywila. Waandishi wanapenda kuonyesha uaminifu kwa mume kuiacha simu wazi. Hiyo ni ulinzi wa gereza. Uaminifu unaonekana siku Mwanaidi anaiona simu imewaka kwenye kochi na haigusi.

Msaliti akiwa mwanamke

Wasomaji wana mizani miwili na utaiona kwenye maoni kabla hujamaliza Sehemu ya 3. Usibishane nao. Na usiwaridhishe kwa kumpa mume anayepiga, kwa sababu ukifanya hivyo umegeuza hadithi kuwa ya kutoroka mateso, ambayo ni nyingine kabisa. Kuna mbinu mbili zinazosaidia. Ingia kichwani mwake kabla ya tendo, sehemu tatu au nne, ili msomaji ateleze pamoja naye badala ya kumkuta ameanguka. Na mfanye aseme mwenyewe kabla hajakamatwa. Mke wa dereva wa malori ya Tunduma anayemsubiri mumewe arudi, ampakulie chakula, amwache ale ashibe, kisha aseme, ameshalipa karibu nusu ya deni kwa kusema tu. Mbinu hii ya kujisema inamfaa na mwanamume. Sijui kwa nini haitumiki zaidi.

Ukiwa unairusha kwa mfululizo

Andika sehemu zote za malipo kabla hujarusha fumanizi. Karibu na Sehemu ya 18 nusu ya wasomaji watakuomba uwarudishe haraka, na nusu watataka Hamza apooze. Ukiandika huku ukisoma maoni, utapinda. Kila "itaendelea" katika sehemu za malipo iishie kwenye tendo dogo lililosimama nusu, kama mkono juu ya kitasa cha mlango, maana ukitumia siri mpya kila mara utajikuta umeongeza madeni ambayo huna sehemu za kuyalipia.

Mwisho

Msamaha usitamkwe na aliyekosa, wala na wazee, wala na mtoto. Mwanaidi aseme, kwa masharti yake, baada ya rejesho la kumi na mbili. Kwa kuwa eda ilipita, ni ndoa mpya: walii, mashahidi wawili, na mahari anayoitaja yeye. Itumie mahari hiyo. Asidai dhahabu. Adai mita ya pili ya umeme, kwa jina lake, kwa ajili ya jiko lake la keki.

Sehemu ya 40 iwe fupi, maneno 700 hivi. Usirudie harusi. Uniti ziishe Magharibi, oveni ikiwa na keki. Hamza arudi kutoka msikitini akute giza, atoe simu mfukoni kutaka kununua. Mwanaidi amwambie kaa, ameshanunua mwenyewe. Abonyeze tarakimu ishirini, nne nne, Zuwena akizisoma. Mita ikubali. Katisha hapo, taa zikiwa zinawaka.